Njoo Umenawa Mikono

Alhamisi, 6 Februari 2025

Arobaini na saba na nusu. Nimepima kichwa cha Shehe wangu, nimepima tena, utepe ule ule, juu ya nyusi, nyuma pale palipochomoza. Arobaini na saba na nusu. Alhamisi iliyopita arobaini na saba na robo. Robo sentimita, basi. Kila kichwa cha mtoto kinakua. Cha dada yake kilikua na hakuna aliyekipima.

Nimeandika nyuma ya mlango wa kabati, kwa penseli, Bi Mkubwa asione.

Utosi laini. Macho yanatazama mbele, hayajashuka. Hajatapika. Basi lala, mwanamke.

Silali. Mbili, sita, kumi. Mbili, sita, kumi. Usiku na mchana saa ni hizo hizo, na mpira ni huo huo, namba sita, mwembamba. Nanawa, namfuta, nauingiza, mkojo unatoka kwenye kibakuli, naupima, naandika. Akiachiwa mkojo ukakaa, unapanda figo. Figo za Shehe wangu bado nzima, altrasaundi ya hospitali ya Royal imesema hivyo, na zitabaki nzima hata kama mimi sitabaki mzima.

Mwenzangu kapiga simu kutoka Sur. Zamu imebadilishwa. Haji kesho.

Sikumwambia kuhusu robo.


Jumamosi, 8 Februari

Wageni wamekwenda zao. Mawifi, na mama yao mdogo kutoka Mudhaibi. Wamekuja na halwa sahani nzima, ya zafarani, imejaa lozi. Kahawa ikanywewa, tende zikaliwa, ubani ukapita. Na subira ikapita vile vile, mkono kwa mkono kama chetezo. Subiri, mwanangu. Una ujira mkubwa. Mola hampi mja asichokiweza. Wewe umechaguliwa.

Nimechaguliwa. Sawa.

Wifi mdogo aliunyoosha mkono, akaufikisha kwenye blanketi, akaurudisha. "Naogopa nisije nikamvunja." Ule mrija wa kupunguza maji ya kichwani. Unaonekana nyuma ya sikio, unashuka shingoni chini ya ngozi, unakwenda tumboni. Wote wanautazama, kisha wanatazama zulia.

Saa kumi ikaingia nao wameketi. Nikamchukua Shehe chumbani, nikafunga mlango. Nawasikia barazani wanamwombea dua, sauti nzuri, ya pamoja. Na mimi huku nimemshika miguu kwa mkono mmoja, mpira mkono wa pili, kibakuli kati ya magoti, na simu inalia, na dada yake anagonga mlango anataka kalamu ya rangi.

Nikarudi nikawatilia kahawa ya mwisho. Nikaosha vikombe.

"Wanakupenda," Bi Mkubwa akaniambia.

Wananipenda, najua.


Jumanne, 11 Februari

Maskati na kurudi. Tumetoka alfajiri, dereva shemeji. Ibra mpaka hospitali ya Khoula karibu saa mbili, ukipita vizuri kule milimani Wadi al-Aq. Ndani ya handaki Shehe huacha kulia. Anapenda zile taa zinavyopita. Likimalizika handaki anaanza tena. Laiti njia yote ingekuwa handaki.

Plasta zimetoka! Miguu ile iliyokuwa imejikunja ndani, nyayo zinatazamana, leo imenyooka. Nimeitazama mpaka daktari akacheka. Sasa viatu na chuma kati yake, saa 23 kwa siku, miezi mitatu, kisha usiku tu mpaka awe na miaka minne. Saa moja kwa siku miguu huru. Hiyo saa moja nitaifanya nini? Nitaibusu.

Fundi wa viatu alinionya: kila ukivua, tazama ngozi. Kisigino, vidole, kwa ndani. Wekundu usioondoka, piga simu. Mtoto mwingine kiatu kikimbana atalia. Huyu hatalia. Chini ya magoti hasikii. Waweza kumfinya akawa anakuchekea.

Watu wanaosema "angalau haumwi" hawajui wasemalo. Maumivu ni mlinzi. Mwanangu hana mlinzi miguuni, kwa hiyo mlinzi ni mimi.

Yule wa mazoezi ya viungo akaandika: miezi tisa, shingo inashika vizuri, anajipindua upande mmoja, haketi bila kuegemezwa. Akaniuliza ninamlaza kifudifudi kwa muda gani kila siku. Nikasema muda wa kutosha. Muda wa kupika wali, ndio jibu la kweli.


Ijumaa, 21 Februari

Mwenzangu yupo. Nyumba ina sauti nyingine akiwapo. Dada mtu kampanda mgongoni tangu asubuhi.

Usiku akasema. Nilijua atasema. "Tuzae mwingine, ili Shehe apate ndugu wa kumshika mkono." Sikujibu. Ana dada yake, nikataka kusema. Na huyo mwingine, tumzae tayari ana kazi?

Lakini si hilo lililonifunga mdomo. Ni hofu.

Daktari alishanieleza, na karatasi ninayo kwenye droo. Aliyezaa mtoto mwenye mgongo wazi, mimba inayofuata hatari yake ni kama mbili au tatu kati ya mia. Vidonge vya foliki, vile vikubwa, miligramu tano, si vile vya kawaida vya sifuri nukta nne. Na kuvianza kabla, miezi kabla ya kushika mimba. Maana uti wa mgongo unafungika siku 28 za mwanzo. Siku 28! Wakati huo mwanamke bado anahesabu siku zake, anajiambia labda zimechelewa. Jambo limekwisha kuamuliwa nawe huna habari. Waingereza walilithibitisha mwaka 1991: waliomeza foliki ya kiwango kikubwa, hatari ilipungua kama saba katika kumi.

Saba katika kumi. Na hizo tatu?

Bi Mkubwa alisikia, kuta hizi nyembamba. Asubuhi juu ya mkate: "Lakini unga wa hapa una dawa, si ndio? Wametia serikali." Kweli. Tangu 1996 Oman inatia foliki na chuma kwenye unga wa ngano, nchi chache sana duniani zilianza mapema hivyo, na watoto wa mgongo wazi walipungua sana. Mimi nimelelewa kwa mkate huo. Nimeula nikiwa msichana, nimeula nina mimba yake. Unga unapunguza, haumalizi.

"Basi ni kudra," akasema. Akanikatia kipande kikubwa kuliko chake.

Nimevianza vidonge. Sijamwambia mwenzangu. Kumeza kidonge si kukubali.


Jumatano, 26 Februari

Nimetoka! Soko la Jumatano. Shemeji katushusha, Bi Mkubwa kabaki na dada mtu, mimi na Shehe kwenye kigari. Ramadhani inakaribia, wanawake wamejaa, vitambaa, udi, bukhuri, dishdasha za watoto, kelele tupu za wanawake peke yao. Mwanamume haingii. Nimevuta pumzi mpaka chini.

Nikawa nasubiri lile swali. Wa kwanza aliyeinama kwenye kigari akasema mashallah, kisha akaona kichwa, kisha viatu vya chuma, kisha akasema "maskini". Nikasukuma mbele.

Kuna bibi mmoja mwisho wa safu, anauza leso na mafuta ya nazi. Kiswahili chake cha Bujumbura, anakiburura. Alizaliwa huko, karudi na mumewe, mume kafa hapa Ibra, watoto wako Maskati. Akamtazama Shehe muda mrefu, bila kukunja uso. Nikajikaza.

"Ana mpira?" akaniuliza.

Mrija, nikasema, kichwani.

"Hapana, huko chini. Mwaka kesho, mwaka kesho kutwa, watu watauliza kichwa. Mimi nakuuliza mkojo. Ndugu yangu alikuwa nao, alianguka mnazi. Nani anakupokea?"

Nikasema mimi mwenyewe.

"Usiku?"

Mimi.

Akakunja leso moja akanipa, hakutaka pesa. Akaniuliza nyumba yetu iko wapi. Alaya, nikasema, nyuma ya msikiti. Akatikisa kichwa kama mtu anayeandika.

Nusu njia nikagundua nalia. Shemeji akajifanya anatafuta idhaa kwenye redio.


Jumamosi, 1 Machi

Ramadhani kareem. Mwezi huu peke yake katika mwaka nyumba nzima iko macho saa yangu ya kumi. Wanakula daku, mimi natia mpira. Walau mara moja usiku una watu.

Nafunga. Daktari alisema ninyonyeshe nile, dini imeniruhusu. Najua. Leo nimefunga tu, kesho sijui.

Bi Mkubwa kaleta kombe, maji ya zafarani kwenye sahani nyeupe. Nikamwacha. Nilimwambia tone tu kwenye ulimi, asije akapaliwa, kumeza kwake bado kuna matata. Akachovya kidole. Shehe akakunja uso, kisha akautafuta kidole tena. Bi Mkubwa akacheka mpaka machozi. Amemgusa mdomo. Hajamshika, lakini amemgusa mdomo.


Jumamosi, 15 Machi

Hataki titi. Kalala mchana kutwa. Meno? Joto hana.

Arobaini na nane na robo tatu.

Haya si meno.


Jumapili, 16 Machi

Katapika mara moja, baada ya dawa. Huenda ni dawa. Nimekiweka kidole kwenye utosi nimekiacha hapo nikiwa nasali. Utosi umejaa? Akilia unajaa, kila mtoto. Halii. Umejaa.

Saa sita usiku. Macho. Weusi wa jicho umezama chini, weupe umeonekana juu. Tunakwenda.


Jumatatu, 17 Machi

Naandika nyuma ya karatasi ya hospitali, nitabandika baadaye.

Hospitali ya Ibra hawakutuweka. Daktari kijana, kaangalia macho, kashika utosi, kauliza mrija uliwekwa lini, kisha akaanza kukimbia. Ukiona daktari anakimbia unashukuru na unakufa. Skani. Maji yamejaa. Mrija umeziba. Ambulensi.

Mawingu juu ya milima njia nzima. Tangu ile Aprili ya 2024, wadi kule Samad al-Shan ilipowachukua wanafunzi ndani ya basi, siwezi kuona wingu nikatulia. Nilikuwa na mimba yake kubwa. Nililia watoto wa wenzangu nimemshika tumboni. Mvua haikunyesha. Alhamdulillah haikunyesha.

Handakini hakuacha kulia kwa sababu hakuwa analia. Muuguzi alikuwa anamfinya bega kila dakika. Bega linasikia. Akafumbua jicho.

Kaingizwa chumba cha upasuaji kabla ya Adhuhuri.

Mwenzangu anaendesha kutoka Sur. Nimemwambia polepole. Hatakwenda polepole.

Ametoka. Mrija mpya upande wa pili. Bandeji kichwa kizima, analia. Analia kwa sauti yake ile kali ya kawaida, ya kudai. Sijapata kusikia kitu kizuri hivi.


Alhamisi, 20 Machi

Wodi. Kitanda cha dirishani mwanamke wa Nizwa na binti yake, miaka minne, mgongo wazi kama wetu. Binti anatambaa kwa mikono miwili, mbio, anamaliza wodi nzima kabla mama hajavaa kiatu. Anataja rangi. Anataja majina ya wauguzi. Kaja akasimama, hapana, kaja akajivuta mpaka kwenye kitanda chetu akasema mtoto huyu ana kofia nzuri. Bandeji.

Nimemtazama yule binti kwa uchoyo. Nikamuuliza mama yake aliketi lini. "Alipoketi," akasema. Akanionyesha namna ya kumpakata Shehe ili nyonga zake zisibanwe. Hakuna karatasi yoyote iliyowahi kunionyesha hivyo.

Binamu yangu kapiga simu kutoka Unguja. Jirani yake wa Mwembeladu alipelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja na mtoto mwenye maji kichwani, kafanyiwa pale pale, kwenye jengo la NED la upasuaji wa ubongo. Hilo lipo tangu 2014. Zamani, anasema, ilikuwa boti mpaka Dar, ukifika foleni ya Muhimbili, na wengi hawakupanda boti. Walikaa na mtoto ndani. Walimficha.

Na kuna Mbale, Uganda. Nimesoma usiku mwenzangu akiwa amesinzia kwenye kiti. Daktari Warf, Mmarekani, alifika pale mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaona mama anaishi kijijini, siku nzima ya safari, mrija ukiziba nani atamfikisha? Akatafuta njia ya kutoboa njia mpya ndani ya kichwa chenyewe na kuunguza tishu zinazotengeneza maji, ili mtoto asihitaji mrija kabisa. Sasa wanaiiga mpaka Marekani. Nikamuuliza daktari wetu asubuhi. Akasema njia hiyo anaijua, kila kichwa na ramani yake, na kwa hiki mrija ndio uliofaa. Hakunicheka kwa kuuliza.

Mimi kutoka Ibra mpaka Khoula saa mbili, lami safi, ambulensi ya bure. Nikiwa mnyonge nikumbuke mama wa kijiji cha Mbale.

Nikimkumbuka nabaki mnyonge vile vile. Lakini nimemkumbuka.


Jumatatu, 31 Machi

Idi mubarak. Tuko nyumbani. Dishdasha yake ndogo ya kwanza, kofia imekatwa upande kupisha mshono. Kapendeza, jamani. Kapendeza kweli, si kwa mapenzi ya mama tu.

Watoto wa mtaa wakaja na mapulizo. Mekundu, ya kijani, wanayasugua yanapiga kelele. Nikapiga ukelele mimi kuliko mapulizo. Nje! Nje nayo! Wakaduwaa. Mama yao kakasirika, naona. Nani nimweleze leo siku ya Idi kwamba watoto hawa, kwa kufanyiwa upasuaji mara kwa mara na kuguswa na glovu, mwili wao hujifunza kuuchukia mpira wa lateksi, na pulizo laweza kumfunga pumzi? Glovu, chuchu ya chupa, pulizo. Nyumbani kwetu hakuna.

Dada mtu ndiye aliyeeleza. Miaka sita. Kasimama mlangoni mikono kiunoni: "Mdogo wangu akigusa hayo anavimba. Leteni pipi."

Hajaambiwa na mtu. Amesikia tu, akakaa nalo. Usiku nimemlaza mwenyewe, nikamsimulia hadithi ndefu ya sungura, peke yake, mlango umefungwa.


Jumatano, 16 Aprili

Yule bibi wa Bujumbura kaja. Baada ya soko, kapanda mlima wa Alaya kwa miguu yake na kikapu. Bi Mkubwa kakimbilia kahawa. Bibi kamwambia kahawa baadaye. "Maji ya kunawa yako wapi?"

Kanawa mpaka viwikoni. Kaketi kwenye mkeka wetu. "Haya, nifundishe."

Nilisita. Mtu wa nje. Sehemu ya siri ya mwanangu. Na mimi mwenyewe nilipofundishwa na muuguzi mikono ilitetemeka. Ya bibi haikutetemeka. Nikamwonyesha: mafuta kidogo ya hospitali, si ya nazi. Mshike hivi. Usisukume kwa nguvu, ukikwama ngoja apumue, utapita wenyewe. Mkojo ukiisha, mbonyeze tumbo kidogo, kisha uvute polepole. Tazama rangi. Ukiona umechafuka au unanuka, niite.

Shehe akamkojolea leso. Bibi akasema, "Salamu imefika."

Bi Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni muda wote, birika mkononi. Nilifikiri amechukizwa. Akauliza: "Na ule wa kichwani, ukiugusa unauma?" Hauumi, Bi Mkubwa. "Hauvunjiki?" Hauvunjiki ukimpakata. Akaweka birika chini. Akaenda kunawa.

Kampakata. Miezi kumi na moja, leo. Miguu ya chuma imemning'inia pajani. Akamwimbia kitu cha Malindi, Unguja, cha utoto wake, sijawahi kukisikia. Sikuingia kati. Nikaenda jikoni kufanya kama nina kazi.

Kumbe hakuwa anachukizwa. Alikuwa anaogopa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia namna.


Alhamisi, 17 Aprili

Nimelala. Bibi alilala hapa. Saa sita yake, saa kumi ya Bi Mkubwa kwa kusimamiwa na bibi. Nimelala tangu Isha mpaka jua. Nimeamka sijui mimi nani.


Jumapili, 11 Mei

Pesa ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii imeingia. Rial 130 za ulemavu, na zile 10 wanazopata watoto wote. Utaratibu wa sheria mpya, ulianza Januari 2024. Karatasi, kamati, kadi, picha, karatasi tena, lakini imeingia. Nimelipa petroli ya shemeji. Nimenunua kiti cha kumketisha kilicho na mshipi kifuani.

Wifi mkubwa kwa mzaha: "Mashallah, mtoto ana mshahara kabla ya baba kupandishwa cheo." Wote wakacheka. Nikacheka. Kisha nikamwambia, mshahara huo una kazi yake, karibu saa kumi usiku uifanye. Kimya. Sikutaka kuwa mkali. Nilitaka.


Alhamisi, 29 Mei

Joto limeshafika. Saa saba mchana hakuna paka nje. Dawa anayopewa ya kibofu inamkausha jasho. Nimeshaonywa. Mtoto asiyetoka jasho Ibra ya kiangazi! Amekuwa mwekundu, mkavu, nikamvua, kitambaa chenye maji shingoni na kwapani, kiyoyozi, maji kwa kijiko. Kapoa. Mpaka Septemba hatutoki mchana. Miadi yote ya Maskati nimeomba ya asubuhi.

Lakini hili niandike. Kaketi. Kwenye zulia, mikono miwili mbele kama chura, bila mto, bila kiti. Nikaanza kuhesabu nikasahau kuhesabu. Akaangukia pembeni, akakasirika, akanitazama mimi kama nimemsukuma.

Mwenzangu kwenye simu: "Mwezi wa kumi na mbili ndio anaketi?" Si kwa ubaya. Anahesabu. Hata mimi nahesabu. Nikamjibu kama yule mama wa Nizwa: kaketi alipoketi.

Kuhusu yule mwingine, nimemwambia naendelea na vidonge, tutazungumza mwakani. Akasema sawa. Akasema, "Ulikuwa unavimeza peke yako?" Kisha akanyamaza muda. Kaomba wamrudishie zamu za Ijumaa.


Alhamisi, 5 Juni

Arafa leo. Kesho Idi kubwa, ukoo mzima hapa, shimo la kuokea nyama ya shuwa li tayari. Watakuja wale wale, na halwa ile ile, na subira ile ile. Bi Mkubwa kaniuliza niwaandalie nini. Nikamwambia, kesho nitasema mwenyewe, mbele ya wote, kabla ya kahawa. Kaniambia nisivunje adabu. Sitavunja. Kisha kaniambia, "Sema na mimi nimeshajifunza."

Hivi nitasema. Naandika nisije nikalainika.

Mkono mtupu haulambwi, nimekua nikisikia. Mimi huo mtupu ndio niutakao. Dua zenu nimezipokea, zote, na naomba mzidishe. Lakini dua mnaweza kuomba na huku mmempakata. Shehe havunjiki. Mrija hauumi. Kichwa chake kishikeni nyuma, nyonga msizibane, viatu msivue bila kuniuliza, na pulizo lisiingie ndani. Mpira wa mkojo anaweza kujifunza yeyote asiyekuwa na haraka. Bibi wa sokoni amejifunza, Bi Mkubwa amejifunza, na yeye ana miaka sabini. Atakayetaka, nitamfundisha kesho baada ya Asri. Atakayechukua usiku mmoja kwa mwezi, amenipa zaidi ya mbuzi mzima.

Msiniulize atatembea lini. Niulizeni saa kumi ni ya nani.

Na halwa acheni kwenu. Njooni mmenawa mikono, mkae, mimi nikalale.